Bolti ya Arobaini na Moja

Ukungu wa Mufindi haubishi hodi.
Hupita chini ya mlango wa bati, hukaa kwenye viungo vyako
kama mgeni aliyekuja na godoro lake.
Ndiyo maana kila alfajiri nakupangusa kwa fulana kuukuu.
Fulana, si shati: shati lina vifungo, kifungo hukwaruza,
na mkwaruzo ndio mlango wa kutu.

Kutu yako si nyekundu kama ya jembe.
Ni unga mweupe, laini, kama sembe iliyosahaulika kwenye ungo.
Waliokumiliki waliifunika kwa rangi, tabaka juu ya tabaka.
Mficha maradhi, husema watu,
na nilipokwangua chini ya kiti cha rubani
kifo kilikuwa hapo, kipana kama kiganja, kinasubiri kuumbua.

Mimi Tusekile, niliyekulia dukani,
spea za baiskeli, Tukuyu, nilidhani nazijua nati.
Nati ya baiskeli ikilegea unashuka, unatukana, unasukuma.
Yako ikilegea
hakuna pa kushukia.

Plagi zimelala kwenye trei ya mayai, kila moja na namba ya silinda yake.
Magneto imo ndani ya kopo la maziwa ya unga, imefungwa kama kichanga.
Katika bawa la kushoto tulikuta kiota cha panya:
majani ya chai, nyuzi za kitani, pembe ya ramani
iliyobakiwa na Njombe tu.
Gaudensi akataka sumu. Nikamuuliza,
akifia humo ndani, utamtoa wewe?
Tukaziba matundu kwa wavu. Na kwa ajili ya nyigu,
wapendao kujenga katika mrija wa kupimia mwendo,
shangazi yake wa Makete alituletea pareto kavu, gunia zima,
tukashona vifuko, tukavitundika.
Sasa mbavu zako zinanukia shamba la Juni.

Ubavu wa saba ulikuwa umeoza.
Kihwele, seremala wa majeneza pale Mafinga,
aliugeuzageuza, akasema:
Mama, mimi hutengeneza vitu vya kushuka.
Akakataa mbao kumi na mbili. Ya kumi na tatu
akainusa, akaigonga, akaanza kuchonga bila kuzungumza bei.

Halafu Jumatano ile.
Bolti arobaini na moja ziliingia kwenye sahani.
Nikahesabu arobaini.
Nikahesabu tena, kwa Kinyakyusa, labda Kiswahili kimechoka.
Arobaini.
Mwenye mali akapiga simu: mnunuzi anakuja Jumamosi.
Bolti moja tu?
Moja tu, bwana.
Tukafagia sakafu, tukachekecha taka,
tukafumua kitambaa tulichokishona siku nne,
Gaudensi analia huku ameshika tochi, mwanga unatikisika kwenye mbavu zako.
Hakuna.

Usiku, nyumbani, nikivua ovaroli,
kitu kikalia kwenye saruji: *ti.*
Kilikuwa kwenye pindo la mguu wangu.
Jina langu maana yake tumefurahi. Sikufurahi.
Nilikaa kitandani nimeishika mpaka ikapata joto.

Sikuirudisha. Bolti iliyozurura hujui imekutana na nini.
Nimeifunga kitambulisho chekundu, *USITUMIE*,
imening'inia juu ya meza, jirani na kalenda ya chama cha ushirika.
Nyingine mpya imekaza mahali pake, na waya wa kuilinda nimeusokota mwenyewe.
Mnunuzi alikuja Jumamosi, akakuta umefumuliwa, akaondoka.

Mwalimu wangu wa shule alinichapa kwa ajili yako:
ndege *huyu* ana manyoya, Tusekile, ndege *hii* inakunywa mafuta.
Nimeandika vizuri kwenye daftari la matengenezo: *ndege hii.*
Lakini nikizima taa, nikivuta mlango,
humwambia Gaudensi, mfunike,
mfunike vizuri ndege huyu,
baridi inashuka.